Kuongoza timu ndogo kwa mbinu za vitabu vya biashara: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kama una biashara yenye watu watano mpaka ishirini, iwe hardware, famasi, saluni, garage, kiwanda kidogo cha mikate au ofisi ya usafirishaji, mwongozo huu ni wako. Watu wengi wanasoma vitabu vya uongozi, wengine wanasikiliza muhtasari tu huko YouTube, wanapata mzuka siku mbili tatu, Jumatatu ikifika mambo yanarudi vilevile, tajiri anafoka, watu wa kaunta wanakausha, stoo hawajui wenzao wa mbele wamemwahidi nini mteja. Vitabu vyenyewe havina shida sana. Shida ni kwamba tunabeba yale maneno makubwa ya maono na haiba, halafu tunaviruka vile vitu vidogo ambavyo ndo kazi yenyewe, yaani kikao cha watu wawili, karatasi ukutani, swali linaloulizwa kwa utaratibu, hesabu inayoangaliwa kila wiki siku ileile. Humu nimechukua hivyo vidogo tu, nikavipanga kwa mfuatano ambao mtu anaweza kuufuata bila kusimamisha biashara.

Kabla hujaanza, chuja unachosoma

Mwaka 2001 Jim Collins alitoa kitabu chake Good to Great, kimeuza sana, kilichambua kampuni 11 za Marekani zilizotoka kwenye uzuri wa kawaida zikawa bora kabisa. Moja ilikuwa Circuit City, maduka ya vifaa vya elektroniki. Novemba 2008 Circuit City ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika na 2009 maduka yakafungwa. Nyingine ilikuwa Fannie Mae, taasisi ya mikopo ya nyumba, nayo Septemba 2008 serikali ya Marekani ikalazimika kuiweka chini ya uangalizi wake. Sisemi kitabu ukitupe, mambo kama kupata kwanza watu sahihi kabla ya kubishana safari inaelekea wapi yana maana sana mpaka leo. Ila ukisoma hadithi ya kampuni iliyoshinda uliza swali moja tu, hawa watu kila wiki walikuwa wanafanya nini? Kitabu kikikujibu hilo, chukua. Kikikupa sifa za kiongozi tu, mnyenyekevu, jasiri, mwenye kuona mbali, soma ufurahi, kazini hakitakusaidia kesho asubuhi.

Kilichojibu swali hilo vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni High Output Management cha Andy Grove, cha 1983. Grove alizaliwa Hungary, akahamia Marekani, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, na baadaye akaiongoza. Nitamrudia mara kadhaa.

Hatua ya kwanza: andika matokeo ya kila mtu, na yapime kwa jozi

Grove anasema matokeo ya meneja ni matokeo ya timu yake pamoja na ya timu za jirani anazozigusa. Kwa hiyo hata kama wewe binafsi unashinda umechoka, kama timu haijatoa kitu basi wewe pia hujatoa kitu. Chukua daftari, kila mfanyakazi mpe ukurasa wake, andika anatakiwa kutoa nini. Angalia usije ukaandika shughuli. "Kukaa kaunta" ni shughuli. "Mteja ahudumiwe, risiti itoke, hesabu ya jioni ifunge bila shoti" hayo ndo matokeo. "Kutunza stoo" ni shughuli, "bidhaa zinazotoka sana zisikatike, na kilichopo rafu kilingane na daftari" ni matokeo.

Sasa hapa kuna jambo wengi wanalipita haraka na ndo linalowaumiza. Ukimpima mtu kwa namba moja, atakupa hiyo namba na ataharibu kingine pembeni. Mwambie kijana wa mauzo kwamba bonasi yako inategemea mauzo, basi atauza kweli, atamkopesha kila anayepita, mwisho wa mwezi karatasi inaonyesha mauzo makubwa huku daftari la madeni limenenepa na hela ya kununulia mzigo mpya haipo. Grove anataka kila kipimo kiwe na mwenzake wa kukikaba. Mauzo yaende pamoja na madeni yaliyopita siku thelathini. Kasi ya kufungasha oda iende pamoja na oda zilizorudishwa. Kwenye saluni idadi ya wateja iende na wale waliorudi tena. Kwenye famasi wingi wa stoki uende na dawa zilizoisha muda. Mbili kwa kila mtu zinatosha, zikizidi hazitaangaliwa na mtu.

Ukimaliza muite kila mmoja msome pamoja ukurasa wake, muulize kama ni haki. Mtu ambaye targeti amewekewa bila kuulizwa ataitikia kwa mdomo tu.

Hatua ya pili: kikao cha watu wawili

Hiki ndo kiini, kama kuna hatua moja tu utaifanya mwaka huu basi ifanye hii. Kila wiki au kila wiki mbili unakaa na kila mtu anayeripoti kwako moja kwa moja, wawili tu, simu zimezimwa sauti. Grove anasema kikao ni cha mfanyakazi, yeye ndo aje na mambo yake, bosi kazi yake ni kusikiliza na kuuliza. Anapendekeza kisipungue saa moja kwa sababu mambo mazito mtu hayasemi dakika za mwanzo. Kwa duka letu saa nzima ni ngumu, nusu saa inafaa, ila iwe kamili na isiahirishwe ovyo. Ukiwa na watu ishirini usikae na wote, kaa na wasimamizi wanne watano, nao wakae na watu wao.

Kwetu kuna jambo ambalo Grove hakulazimika kuliwaza sana, umri na heshima. Unaweza kuwa na miaka 30 na mtu wako wa stoo ana 52, ukimkalisha ukaanza na makosa umeshampoteza. Salamu kwanza, na hapo yeye ndo mkubwa.

"Mzee shikamoo."
"Marahaba bosi."
"Wiki hii kitu gani kimekusumbua huko stoo?"
"Aah, hamna, tunaenda vizuri tu."

Wengi wanaishia hapo, wanaandika "hakuna tatizo" na kikao kimekufa. Usimlaumu, amejibu kwa adabu. Shuka kwenye tukio moja linalojulikana.

"Nimeona Alhamisi ile saruji imechelewa kushushwa mpaka saa kumi, ilikuwaje mzee?"
"Aaa, ile... vijana wa kushusha walikuwa wanadai hela ya mzigo wa juzi, wakawa wanazungukazunguka tu. Nikatoa nauli yangu nikawapa, ndo wakashusha."

Umeona? Kwenye sentensi moja umejua hela ya vibarua haitoki kwa wakati, mtu wako anatumia nauli yake kuokoa biashara yako, na gari la mwenye mzigo lilisimama nusu siku. Hakuna ripoti ingekuletea hilo. Hapohapo mrudishie hela yake, halafu panga wa kushusha walipwe na nani, saa ngapi, kutoka kasha lipi. Andikeni mliyokubaliana, na kikao kijacho kianzie hapo kabla ya kitu kingine chochote. Ukimwambia mtu "nitalifanyia kazi" mara mbili bila kitu kuonekana, mara ya tatu atakwambia tunaenda vizuri tu.

Maswali yanayofungua mdomo: kazi gani unaifanya mara mbili bila sababu? Mteja gani amekuudhi au ameondoka hajaridhika? Mimi nikifanya nini kazi yako inakuwa ngumu? Hilo la mwisho liulize kila kikao hata kama mara za mwanzo watakujibu "hamna bosi". Na kitu kimoja, ukijibiwa usijitetee. Sema asante, andika.

Hatua ya tatu: tafuta panapokaba

Mfano maarufu wa Grove ni kifungua kinywa, yai la kuchemsha, mkate wa kuchoma na kahawa, vyote vimfikie mteja vya moto kwa pamoja. Yai ndo linakula muda, kwa hiyo ratiba yote inapangwa kuanzia kwenye yai. Kwako yai ni nini? Kwenye kiwanda cha mikate mara nyingi ni oveni. Kwenye hardware huenda ni gari moja ya kupelekea mizigo. Saluni ni ile drayer wanayoigombania Jumamosi, na kwenye ofisi nyingi, niseme ukweli, ni sahihi ya bosi, karatasi zimejaa mezani na yeye yuko njiani anatoka Kariakoo.

Njia ya kujua ni rahisi, simama uangalie kazi zinarundikana mbele ya nani au mbele ya mashine gani. Panaporundikana ndo hapo. Ukishapajua, usitumie hela kuharakisha sehemu nyingine, ukiongeza mtu kaunta wakati gari ni moja utaongeza tu wateja wa kukulalamikia. Kama panapokaba ni wewe, weka kiwango cha hela ambacho msimamizi anaamua mwenyewe bila kukupigia.

Hatua ya nne: kimya kwenye kikao usikichukulie kama makubaliano

Patrick Lencioni, mshauri wa uongozi wa Marekani, alitoa kitabu chake cha kasoro tano za timu mwaka 2002. Kwa kifupi ni kwamba watu wasipoaminiana wanaogopa kubishana, wasipobishana hawaungi mkono uamuzi kwa dhati, wasipouunga mkono hawawajibishani, na mwisho kila mtu anaangalia lake, matokeo ya timu hakuna anayeyalinda. Ukiishi kazini kwetu unaijua hali hiyo, kwenye kikao wote wanatikisa kichwa, wakitoka nje ndo kikao cha kweli kinaanza, majungu, na grupu la pili la WhatsApp ambalo bosi hayumo.

Ukitaka kuona kimya kinavyoweza kuwa cha hatari soma habari za David Marquet, nahodha wa nyambizi ya nyuklia ya Marekani USS Santa Fe, aliyoichukua 1999 wakati alikuwa amejiandaa kuongoza nyambizi nyingine. Kwenye mazoezi akaagiza mwendo ambao mota ya akiba ya chombo kile haikuwa nao kabisa. Afisa wake akairudia amri vilevile kama ilivyo. Aliyeshika usukani akabaki haelewi afanye nini. Nahodha alipomuuliza afisa, jibu likawa kwamba alijua huo mwendo haupo, ila alipitisha amri kwa vile nahodha ndo kasema. Sasa kama kwa wanajeshi waliosomeshwa miaka inatokea, kwako, ambako kijana anaogopa kupoteza kibarua, itakuwaje?

Marquet alichofanya ni kubadilisha namna ya kusema. Badala ya kuomba ruhusa au kusubiri amri, mtu anasema nakusudia kufanya hivi, kwa sababu hii. Ijaribu kwenye grupu la kazi: "Bosi, nakusudia kuagiza misumari ya nchi tatu katoni kumi leo mchana, zimebaki mbili na fundi wa shule anakuja kesho." Wewe unajibu sawa, au unauliza. Siku za mwanzo wataandika "nakusudia" bila sababu, warudishe taratibu waandike na sababu, maana hiyo sababu ndo inakuonyesha mtu anafikiri vipi.

Kwenye kikao cha wote fanya hivi: mdogo kicheo aongee kwanza na wewe uongee mwisho. Ukitangulia wewe, waliobaki watakuwa wanakuunga mkono tu. Kwa maamuzi makubwa kama kufungua tawi, tumia mbinu ya mwanasaikolojia Gary Klein, aliyoiandika 2007. Waambie chukulieni mwaka umepita na tawi limekufa kabisa, kila mtu aandike kwenye karatasi, bila jina, limekufa kwa sababu gani. Kwa mazingira yetu hii ni dawa kabisa, kwa sababu mtu hapingi wazo la mkubwa, anaeleza tu kifo ambacho tayari kimetokea. Soma karatasi zote kwa sauti, na usijaribu kukisia mwandiko wa nani.

Hatua ya tano: cheklisti

Hapa tuna cha kujivunia. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu cheklisti ya usalama wa upasuaji, kazi iliyoongozwa na daktari Atul Gawande wa Boston ambaye baadaye alitoa kitabu juu ya cheklisti, walichagua hospitali 8 kwenye miji 8, London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara yetu ya Morogoro. Karatasi yenye vipengele 19, ya kusomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Matokeo yalitoka Januari 2009, kwa hospitali zote kwa pamoja matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka 1.5 hadi 0.8.

Kati ya vile vipengele kimoja hakihusu dawa wala vifaa, kinataka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mtu akishatamka jina lake mbele ya wenzake anakuwa mwepesi kusema "subirini kidogo, hapa pana kasoro". Ndo maana nasema cheklisti ni kitu cha timu, wala haihusiani na kusahau peke yake.

Kutengeneza ya kwako: chagua kazi moja inayorudiwa na ikikosewa inauma, mfano kufunga duka jioni, kupokea mzigo, kukabidhi gari kwa mteja garage. Iandikeni pamoja na wanaoifanya, wewe peke yako utaandika vitu visivyowezekana. Isizidi mistari kumi, kila mstari uwe kitu cha kuangalia kwa macho, na mtu mmoja asome kwa sauti mwingine ajibu. Zile tiki zinazowekwa zote kwa mpigo saa ya kuondoka hazina faida yoyote. Ibandike ilipo kazi yenyewe, ukiiweka ofisini haina kazi. Baada ya mwezi futa mistari isiyosaidia.

Hatua ya sita: kosa likitokea, uliza kwa nini mara tano

Hii inatoka Toyota, kwa Taiichi Ohno na wenzake. Ngoja tuipitishe kwenye jambo linalotokea kweli hardware. Mteja kalipia bati geji 28, kaletewa geji 30 ambayo ni nyembamba zaidi, fundi kashaanza kupaua ndo kagundua.

Kwa nini limepakiwa geji 30? Kwa sababu meseji ya stoo ilisema "bati 40 za bluu" bila geji. Kwa nini haikuwa na geji? Kwa sababu kaunta kila mmoja anaandika oda anavyojua yeye. Kwa nini? Kwa sababu hamna fomu, oda za simu zinaandikwa nyuma ya boksi halafu zinatumwa WhatsApp. Kwa nini stoo walipakia bila kuuliza? Kwa sababu gari ilikuwa inasubiri na dereva anapiga honi, na mara ya mwisho stoo walipouliza walifokewa wanachelewesha. Kwa nini mzigo ulitoka bila karatasi? Kwa sababu delivari noti inaandikwa mzigo ukishaondoka.

Ungeishia kwenye swali la kwanza ungemkata mshahara kijana wa stoo na mwezi ujao kosa lingerudi kwa mtu mwingine. Ukifika la tano unaona kuna vitu viwili vya kurekebisha: fomu ya oda yenye idadi, geji, rangi, urefu na aina ya mgongo, na sheria kwamba hakuna gari kutoka bila noti. La nne nalo linakuhusu wewe na kufoka kwako, usiliruke. Jibu likiwa "kwa sababu fulani ni mzembe", bado hujafika, uliza tena.

Ila kuna mipaka. Mtu akiweka cha juu kwenye bei na kutia mfukoni, huo ni wizi, shughulikia kama wizi.

Hatua ya saba: kumwachia mtu kazi kadiri anavyoijua

Kosa la kawaida ni kuwa bosi wa aina moja kwa wote, ama unambana kila mtu ama unawaachia wote. Grove anataka uangalie mtu anaijua kiasi gani *kazi hiyo hasa*. Mgeni kwenye kazi mwelekeze hatua kwa hatua na umwangalie. Anayeanza kuiweza, jadiliana naye. Anayeiweza kabisa, kubaliana naye matokeo na siku ya kukagua, halafu kaa pembeni. Na mtu huyohuyo anaweza kuwa bingwa wa kuuza na mgeni kabisa wa kusimamia wenzake, ndo maana muuzaji bora akipandishwa kuwa msimamizi kisha akaachwa peke yake anaporomoka na watu wanashangaa.

Hatua ya nane: kusahihisha, na kuachana inapobidi

Sahihisha faragha, mapema, kwa tukio lenye tarehe. "Jumanne ulifungua saa tatu, wateja wawili waliondoka" inafanyiwa kazi, "wewe siku hizi umebadilika" haifanyiwi kazi. Sifa nazo zitaje kwa tukio, na hizo unaweza kuzitoa mbele za watu.

Vitabu vingi vya Marekani vinashauri mtu asiyefaa aondolewe haraka. Kumbuka vinaandikwa kwa nchi ambayo maeneo mengi mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na aliyemaliza miezi sita anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kuachishwa isivyo haki. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 inataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na usikilize majibu yake kabla hujaamua. Kwa hiyo zile kurasa za hatua ya kwanza na maandishi ya vikao vya hatua ya pili zina kazi nyingine hapa, zinaonyesha mlikubaliana nini, ulimsaidia vipi na mara ngapi. Kama hukuandika, andika kuanzia sasa, usitunge ya nyuma.

Uanze vipi

Usizianzishe zote kwa pamoja, watu watasema bosi kasoma kitabu na watasubiri ipite. Mwezi wa kwanza fanya kurasa za matokeo na vikao vya wawili, basi. Mwezi wa pili tafuta panapokaba na muandike cheklisti moja. Mwezi wa tatu anzisha "nakusudia" na kwa nini tano. Namba zenu za jozi zibandikeni mahali timu inapita, zisomeni siku moja ya wiki isiyobadilika, Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua inafaa, dakika kumi na tano mmesimama, na asome aliyezileta, wewe uwe wa mwisho kuongea.